Kiti cha Kulia

Jumamosi saa nne asubuhi, Mama Kiduchu aliingia katika duka la vyombo vya watoto vilivyokwisha kutumika akiwa na tepu ya kupimia shingoni, mimba ya miezi saba na nusu mbele, na mumewe nyuma. Mumewe alikuwa amembeba Kiduchu, binti yao wa mwaka mmoja na miezi minne, ambaye jina lake la kwenye cheti lilikuwa refu kuliko mwenyewe na hakuna aliyelitumia. Walikuja kuchagua kigari cha kusukumia watoto wawili.

Mama Kiduchu alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani hamwamini mtu anayesema "kitatosha". Alivipima vigari vyote dukani kama anavyopima wateja: mabega, kiuno, urefu hadi chini. Vipimo akaviandika kwenye kiganja. Mlango wa nyumba yao ulikuwa na upana wa sentimita sabini na nane, na hakukuwa na njia nyingine ya kuingilia ila dirishani.

Vigari vilikuwa vya aina mbili. Kuna vile ambavyo viti vyake vilifuatana, kimoja mbele na kingine nyuma, vyembamba, vya kupita popote. Na kuna vile ambavyo viti vilikaa bega kwa bega. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na hata nyumbani waliokuwa wakubwa kwake walimwita Mwalimu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa upande wa abiria huku watu wengine wakiendesha, mguu wake juu ya breki ya akiba. Alivipenda vile vyembamba.

"Hiki hakikwami kwenye foleni," alisema.

"Na huyu wa nyuma ataona nini?"

"Ataona mbele."

"Ataona kisogo cha dada yake," Mama Kiduchu akasema.

Alijua alichokuwa akikisema. Yeye ni wa pili kuzaliwa. Alioga maji baada ya dada yake, akavaa gauni baada ya dada yake, akaenda shule nyuma ya dada yake, na ukimwambia leo akuchoree utoto wake atakuchorea kichwa kimoja kilichosukwa, kwa nyuma. Anampenda sana dada yake na hana kinyongo naye. Lakini alitaka huyu wa tumboni aione barabara wakati uleule mwenzake anapoiona. Mwalimu aliutazama uso wa mkewe, akatambua kona kali kama anavyozitambua kazini, akapunguza mwendo.

"Haya," alisema. "Bega kwa bega."

Cha bega kwa bega kilichokuwa na nafuu kilikuwa cha rangi ya kijivu, magurudumu sita, upana sentimita sabini na sita. Mlangoni lingebaki pindo la sentimita moja kila upande. Mama Kiduchu alisema pindo hilo linatosha, amewahi kushona suruali za harusi kwa pindo dogo zaidi.

Muuza duka alikuwa mtu nadhifu, miwani yake imefungwa kwa uzi pembeni. Alikuwa akitia mafuta bawaba za kitanda cha mtoto.

"Hicho kina tabia yake," alisema bila kuinua kichwa. "Kiti cha kulia kinapokea yeyote aliyechoka."

"Kulia?" Mwalimu aliuliza.

"Kulia mkono, si kulia machozi."

"Kulia kwa anayekaa, au kwa anayesukuma?"

"Kwa anayesukuma."

"Na breki?"

"Breki nzima."

Mwalimu aliinama akaikagua breki, akabonyeza magurudumu moja moja, akasema iko sawa. Mama Kiduchu aliuliza kama vitambaa vya viti vinavuliwa kwa kufuliwa. Vinavuliwa. Wakakichukua.

Jumatatu yake Mama Kiduchu alimkalisha binti yake kiti cha kushoto, kile cha kulia akakiacha wazi kumsubiri mwenyewe, akaenda kazini. Kutoka nyumbani hadi chumba chake cha kushonea ni mwendo wa dakika ishirini: unapita duka la dawa, unapanda mwinuko wa shule, unateremka. Jioni alipokuwa akirudi alimkuta mama mkwe wake amesimama kwenye kona ya duka la dawa, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika kikapu. Huyu ndiye Bibi, na goti lake la kushoto lina historia ndefu kuliko ya watu wengi.

"Pole mama na goti," Mama Kiduchu alisema.

"Asante, mwanangu. Leo limeniamkia vibaya."

Bibi aliweka kikapu chini ya kigari, akaketi ukingoni mwa kiti cha kulia ili afunge kamba ya kiatu. Kiti kikamwenea. Bibi hakusinyaa wala kiti hakikutanuka, ukikitazama kilikuwa kiti cha mtoto na ukimtazama alikuwa Bibi mzima, ila mabega hayakubana na miguu ilifika pale miguu inapopaswa kufika. Kiduchu alimtazama bibi yake ubavuni, akampa kiatu chake ashike.

"Kimeshonwa vizuri hiki kiti," Bibi alisema walipoanza mwendo.

"Kimepigwa mshono mara mbili, mama. Na uzi wa nailoni."

Waliongea habari za nyuzi mpaka nyumbani. Jambo moja tu halikubadilika, nalo ni uzito. Bibi alikuwa na kilo themanini na moja akiwa barabarani, na kilo themanini na moja akiwa kitini.

Kesho yake asubuhi alikuwa Sista, muuguzi wa jirani, anayetoka zamu watu wakiwa wanaingia kazini. Mama Kiduchu alimpa pole na kazi, Sista akashukuru, akakaa, akasinzia kabla ya magurudumu kuzunguka mara mbili. Ilibidi apelekwe mpaka kwao, ambako ni njia ya upande wa pili. Ijumaa alikuwa Bwana Posta, mpeleka barua, akiwa na mkoba wake mapajani. Alisoma anwani kwa sauti na Mama Kiduchu akawa anakata kona anapoambiwa.

Jumamosi alikuwa Mwalimu mwenyewe.

"Pole na kazi, Baba Kiduchu."

"Asante, mke wangu. Leo nimepata mwanafunzi asiyejua kushoto. Si kwamba anakosea. Hajui kama kipo."

Kiti kilimwenea kama kilivyowaenea wengine, na kwa kuwa aliketi kando ya mtu mwingine anayetazama mbele, alijisikia yuko kazini. "Taratibu," alisema. "Angalia kulia kwako. Sasa tunapanda, usikate mwendo katikati, ukikata hapa hutaondoka." Alipokanyaga breki ya akiba hakukuwa na breki, na hilo lilimsumbua njia nzima.

Mtaa uliipokea habari hiyo kama unavyopokea habari ya bomba jipya la maji: watu waliuliza linafunguliwa saa ngapi. Mwalimu, ambaye hawezi kuona kitu bila kukiwekea utaratibu, alichora ratiba kwa rula na kuibandika mlangoni. Bibi, Jumatatu na Jumatano jioni. Sista, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Bwana Posta, Ijumaa. Yeye mwenyewe, Jumamosi. Chini kabisa aliandika kwa wino mwekundu: *Jumapili kigari kipumzike.*

Isidhaniwe kwamba watu hawa walikosa utu. Hakuna hata mmoja aliyekaa bila kwanza kumtazama Mama Kiduchu machoni, kuliangalia tumbo, na kusema, kwa moyo wake wote, "Pole na kusukuma." Na yeye alijibu kila mara kama alivyofundishwa na mama yake, tena haraka, kabla neno la mwenzake halijatua: "Nimeshapoa."

Alikuwa mchangamfu na safari zile zilimfurahisha kwa namna yake. Alipata habari zote za mtaa. Alijua nani anaandikiwa barua na nani anangoja tu. Lakini miguu ilimvimba mpaka akawa anavaa ndala za mumewe, na mgongo ulikuwa unamkata mahali pamoja, pale pale, kama sindano iliyosahauliwa kwenye gauni. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Baada ya hapo kiti cha kulia kingekuwa na mwenyewe. Na Mama Kiduchu alikuwa akitaka kitu kimoja, akikitaka sana, mpaka alikiona aibu: kukaa kwenye kiti kile mara moja, asukumwe kutoka nyumbani hadi kona ya duka la dawa, na kurudi. Mara moja tu. Hakutaka hata kufika kazini.

Siku moja mchana alifunga mlango wa chumba cha kushonea. Kiduchu alikuwa amelala juu ya marobota ya vitambaa. Mama Kiduchu alikiegemeza kigari ukutani, akakigeuzia mgongo, akaketi. Kiti kilikuwa cha mtoto. Kilimkamata nyonga kama chupa inavyokamata kizibo, naye akabaki hivyo, miguu hewani, akijaribu kujichomoa bila kelele. Kiduchu aliamka akacheka mpaka akapata kwikwi.

Alipokwisha kujinasua alichukua tepu. Kiti, sentimita thelathini na nne. Yeye, nyongani, mia na kumi na sita. Na nyonga za Bibi hakuhitaji kuzipima, magauni yote ya Bibi ameyashona yeye: mia na ishirini na moja.

Alirudi dukani na kigari chake, na lalamiko lake alilipeleka kifundi.

"Nguo yako inawaenea watu wote," alimwambia muuza duka, "isipokuwa mwenyewe."

Muuza duka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikizunguka kigari mara moja.

"Umechoka?" aliuliza.

"Tazama miguu yangu."

"Miguu naiona. Nauliza, watu wakikupa pole, unawajibuje?"

"Nasema nimeshapoa."

"Basi ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo vipi? Hayo ni maneno ya adabu tu! Kila mtu anajua."

"Mimi najua na wewe unajua," muuza duka alisema kwa upole. "Kiti kimekuja na meli. Hakikulelewa na mama yako. Mtu akisema asante, kinaelewa kwamba amepokea pole, bado anaumwa. Mtu akisema ameshapoa, kinaelewa amepoa. Kwa nini kimpokee aliyepoa?"

Mama Kiduchu alifikiri. Aliona kwamba, kwa kiti, hoja haikuwa mbaya.

"Sasa nisemeje?"

"Sema lililopo."

"Na nikishakaa, nani atanisukuma?"

"Mimi nauza vigari, mama," muuza duka alisema, akarudi kwenye kitanda chake cha mtoto.

Neno lilikuwa moja, na halikuwa gumu kulitamka. Alilifanyia mazoezi kwenye cherehani, kila kanyagio silabi yake: si, ja, po, a. Alishona shati zima kwa neno hilo. Lakini lilipofika mbele ya watu lilimkwama. Alhamisi Sista alisimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, macho yakiwa yamemuiva, akasema, "Pole na kusukuma, Mama Kiduchu."

"Nimesha..." Mama Kiduchu alianza, akajishika.

"Umesha nini?"

"Nimeshamaliza gauni lako."

Hakuwa amelianza. Siku hiyo alikaa kazini mpaka jioni akilimaliza ili asiwe mwongo, kisha akampitia Bibi njiani, japokuwa haikuwa zamu yake, kwa sababu alikuwa amesimama pale kwenye kona na goti lake.

Jumapili iliyofuata walikuwa wote uani. Bibi alikuwa akichambua vifungo, vya matundu mawili huku na vya matundu manne kule. Sista alikuja kulijaribu gauni, Bwana Posta alikuja kupunguziwa suruali. Mwalimu alikuwa akisoma gazeti. Kigari kilikuwa kimewekwa katikati ya ua, kinapumzika kama ratiba inavyosema, na Kiduchu yumo kiti cha kushoto kwa hiari yake. Mama Kiduchu alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, pini mdomoni, akipinda suruali ya Bwana Posta. Alipotaka kuinuka ilibidi ashike mguu wa Bwana Posta, kisha mkoba wake, kisha bega.

"Pole, mwanangu," Bibi alisema. "Una mzigo wewe."

Mama Kiduchu alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. Akapiga moyo konde.

"Sijapoa," alisema.

Bibi alishika kifungo asijue kina matundu mangapi.

"Hujapoa nini?" Mwalimu aliuliza nyuma ya gazeti.

"Sijapoa, Baba Kiduchu. Mgongo unaniuma, miguu imevimba, na nimechoka. Nimechoka tangu mwezi wa tatu wa mimba."

Kisha akaenda kwenye kigari, akakigeuzia mgongo, akaketi. Kiti kikamwenea.

Kilimwenea kuliko nguo yoyote aliyowahi kuivaa, na amevaa nguo alizojishonea mwenyewe. Kilimpokea kiuno pale pale palipokuwa pakimkata. Tumbo lilipata mahali pake. Miguu ilitoka ardhini, kwanza mmoja halafu wa pili, na alipoiona hewani, ndala za mumewe zikining'inia, alicheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, kikawa kiti cha kulia kwa maana zote mbili. Alikuwa na furaha, hakuna namna nyingine ya kulisema. Kiduchu alimgeukia. Hawakuwahi kukaa hivi, bega kwa bega. Alimtazama mama yake kwa muda, akatoa biskuti mdomoni, akammegea.

"Umependeza!" Sista alisema, na alikuwa anamaanisha.

"Kama kashonewa," Bwana Posta akasema.

Bibi alisema laiti babu yake Kiduchu angekuwepo aone. Mwalimu alikunja gazeti, akaja, akazunguka kigari chote. Alibonyeza magurudumu. Aliinama akatazama breki.

"Breki imeachiwa," alitangaza. "Kila kitu kiko tayari."

"Mpaka kona ya duka la dawa," Mama Kiduchu alisema. "Na kurudi."

"Ni sawa kabisa," Mwalimu alisema. "Sasa jamani, sikilizeni. Unashika hapa kwa mikono miwili, unaanza taratibu, mlangoni una sentimita moja kila upande kwa hiyo usiwe na papara." Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoeleza siku zote. Alipomaliza alisogea pembeni, mahali pake pa miaka kumi na minne, akamtazama Sista.

Sista alisema angesukuma, tena kwa moyo mmoja, ila kesho ana zamu na mikono yake ndiyo kazi yake. Bibi alilitazama goti lake, na wote wakalitazama. Bwana Posta alisema yeye kazi yake ni kubeba, hajawahi kusukuma, na isitoshe suruali ilikuwa bado ina pini. Wakamtazama Mwalimu.

"Mimi nikisukuma," Mwalimu alisema, na kwa kweli lilimtatiza, "nani atakaa pembeni?"

Wakasimama. Halafu, kwa kuwa walikuwa watu wema na waliona lazima pasemwe kitu, Bibi akasema, "Pole, mwanangu."

"Sijapoa, mama."

"Pole sana, Mama Kiduchu," Sista akasema.

"Sijapoa."

Kila aliposema, kiti kilizidi kuwa laini. Kilikuwa hakina kosa lolote. Walimpa pole mpaka wote wakawa wametoa za kwao, wengine mara mbili, kisha kila mtu akarudi polepole alikokuwa, Bibi kwenye vifungo, Mwalimu kwenye gazeti. Hakuna aliyemwambia atoke. Alikaa saa moja na nusu. Kiduchu alimlalia mkono, kivuli cha ukuta kikasogea mpaka kwenye magurudumu, na alipumzika kweli, hilo lazima lisemwe, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Kisha upepo ukaanza kuvuta vitambaa vya wateja kwenye kamba na akatoka kwenda kuvianua. Aliporudi alitazama chini. Mchanga nyuma ya kigari ulikuwa na alama za magurudumu zilezile alizoziacha yeye jana yake alipokuwa akimrudisha Mwalimu.

Mtoto wa pili alizaliwa Jumatano, mvulana wa kilo tatu na nusu, mwenye paji la uso la mtu anayetaka kuuliza swali. Sista alikuwa zamu na ndiye aliyempokea, na hata leo anajisifu. Wiki tatu baadaye Mama Kiduchu alimlaza kwenye kiti cha kulia, naye, ambaye bado alikuwa amechoka na kazi ya kuzaliwa, akaenea vizuri kabisa. Kiduchu aliinama akamchungulia. Yeye akamchungulia Kiduchu. Walipita mlangoni, sentimita moja huku na sentimita moja kule, wakatokea barabarani, wakaiona wote wawili kwa pamoja. Mama Kiduchu alisimama kidogo kuwaangalia. Hili alikuwa amelipata, na hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini mtaani palikuwa na majonzi. Bibi alitembea kando ya kigari, mkono juu ya mpini, akiguna kila walipofika kwenye mwinuko. "Msijali, mimi nitakwenda tu," alisema, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sista alikifunua kitambaa, akamtazama mtoto wa wiki tatu, akauliza kama hajaanza kutambaa. Bwana Posta alipeleka barua za Ijumaa siku ya Jumatatu. Watu walimpa Mama Kiduchu pole na uzazi, naye akawajibu "Sijapoa," maana neno lilikuwa limeshazoea njia. Na wao walikuwa wamelizoea. Waliitikia "Haya, mama," kama mtu aliyejibiwa salamu yake, wakaendelea na safari.

Mwalimu aliyaona yote haya na yalimgusa. Si mtu wa kukaa akatazama watu wakiteseka. Jumamosi alitoka peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa vitu vya watoto, akiwa na tepu ya mkewe shingoni. Alirudi adhuhuri akiwa amekisukuma kwa mikono yake mwenyewe kutoka dukani: kigari cha watatu. Viti viwili mbele, bega kwa bega. Cha tatu nyuma, kikubwa kidogo, kimeelekea upande wa anayesukuma.

"Nimekufikiria," alimwambia mkewe, akitweta. Alimwonyesha kiganja. Vipimo vyote alikuwa ameviandika humo, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. "Sabini na sita. Mlango nimeupima mara tatu. Watoto wanaona barabara, wote wawili. Na huyu wa nyuma anakutazama wewe, ili upate wa kuongea naye njiani."

Mama Kiduchu alikipima tena, kwa ada ya kazi. Sabini na sita. Alimtazama mumewe, na jasho lake, na kile kiganja, na alimpenda, kwa sababu alikuwa amepima kweli.

"Kina tabia ileile?" aliuliza.

"Ileile. Nimeuliza."

Bibi alitoka uani na kikapu chake. Sista alikuwa amekwisha kuona kupitia dirishani kwake na alikuwa akivaa viatu. Mwalimu alisema watapanga ratiba kesho, ila leo ni Jumamosi, na Jumamosi inajulikana. Waliwaweka watoto mbele, Kiduchu kushoto, mdogo wake kulia.

"Pole na kulea, Mama Kiduchu," Mwalimu alisema, akimtazama machoni.

"Sijapoa."

"Hata mimi," Mwalimu alisema, akaketi. "Wiki hii nina mwanafunzi anayesimama taa zikiwa za kijani." Kiti kikamwenea. Alinyoosha miguu, akaweka mikono kifuani, akamtabasamia mkewe uso kwa uso. "Breki," akamkumbusha.

Mama Kiduchu aliiachia kwa ncha ya kiatu, akainama kidogo kama anavyoinama kwenye mwinuko, akasukuma.